Mgeni wa Siku Moja: Maoni Kuhusu Meli za Kitalii na Mji wa Mombasa

Kila mwaka, pepo za kaskazi zinapoanza kutawala pwani yetu, meli za kitalii huanza kuonekana katika mlango wa Kilindini. Msimu wake huwa kati ya Novemba na Aprili hivi, na huo ni karibu msimu ule ule ambao majahazi ya kutoka Ghuba, Bara Arabu na Bara Hindi yalikuwa yakiingia Bandari ya Kale. Tofauti ni kwamba nahodha wa jahazi alilazimika kuingoja kusi ndipo arudi kwao. Alikaa miezi, akauza tende na mazulia, akanunua boriti, akajifunza lugha, pengine akaoa na asirudi tena. Mgeni wa leo hushuka baada ya staftahi, na jua linapokuchwa aghalabu meli yake imekwisha kung'oa nanga. Wahenga walinena kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Huyu hafikii hata hiyo ya pili.

Katika kumbi zetu za mihadhara tumezoea kuwaachia wenzetu wa idara za utalii na biashara masuala ya namna hii. Mimi nina maoni tofauti. Nasadiki kwamba thamani ya likizo ya melini hupimwa kwa saa ambazo msafiri huzitumia nchi kavu, na kwamba mjini Mombasa saa hizo zinamhitaji mjuzi wa Kiswahili kuliko zinavyomhitaji mwenye basi. Nitayaeleza hayo, na njiani nitatoa nasaha kidogo kwa msomaji anayewazia kuabiri chombo cha aina hii yeye mwenyewe. Wapo wa namna hiyo, hata miongoni mwa walimu wetu, na maswali yao kuhusu bei, visa na kichefuchefu ni nadra kujibiwa kwa Kiswahili.

Kwanza jina. Tumezoea kusema "meli ya kitalii", nami nitalitumia kwa kuwa linaeleweka. Hata hivyo, Kiswahili kina kitenzi kikongwe cha kazi hii hasa, nacho ni kuvinjari, yaani kuzungukazunguka na chombo baharini kwa kupeleleza au kulinda. Siku hizi kitenzi hicho kimetwaliwa na watu wa intaneti, ambao huvinjari mitandao wakiwa wameketi vitini. Mabaharia wana haki ya kukidai. Lau ningekuwa mjumbe wa kamati ya istilahi ningependekeza "meli ya vinjari", ila hiyo ni hoja ya siku nyingine.

Meli zenyewe zimekua kupita kiasi. Titanic, ambayo dunia haijachoka kuisimulia, ilikuwa na tani jumla 46,328, kipimo ambacho ni cha ujazo na wala si cha uzito. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami mnamo Januari 2024, ina tani jumla 248,663, urefu wa mita 365 na sitaha 20. Ikijaa kabisa hubeba abiria 7,600, ukiacha wafanyakazi wapatao 2,350. Huo ni mji unaoelea. Mombasa hupokea dada zake wadogo, nyingi zikiwa na abiria mia kadhaa na chache zikifikisha elfu mbili au zaidi, lakini biashara yao ni ile ile, na anayetaka kuielewa bandari yetu hana budi kuielewa biashara hiyo kwanza.

Nauli inayotangazwa huvutia kwa sababu si nauli yote. Ndani yake mna chumba, chakula cha mikahawa ya kawaida na maonyesho ya jioni. Nje yake mna vinywaji, intaneti, mikahawa ya pekee, picha, masaji, meza za kamari na ziara za nchi kavu. Mna pia bakshishi, ambayo katika kampuni nyingi hukatwa kila siku kwa kila kichwa, mtoto na mkubwa. Meli huchuma zaidi abiria anapotumia fedha zake ndani, au anaponunua ndani kile atakachokifanya nje. Kwa hivyo msomaji aulize mapema mambo ambayo nauli haiyagharimii, ayajumlishe, ndipo alinganishe na likizo ya hoteli. Asijaribu kuokoa fedha kwa kuifuta bakshishi. Wahudumu wa meli hizi, na wamo vijana wa Kenya, hufanya kazi siku saba kwa juma kwa mikataba ya miezi mingi mfululizo, na pato la wengi wao hutegemea fedha hizo.

Mintarafu ya chumba, kilicho katikati ya meli katika sitaha za chini huyumba kidogo kuliko cha omo au cha tezi. Anayelevywa na bahari asihadaiwe na roshani ya juu. Waliotunga methali ya kwenda tezi na omo na marejeo kuwa ngamani walikijua chombo kwa miguu yao, na wahandisi wa leo hawajaitangua elimu hiyo.

Ama kuhusu hati za kusafiria, hapa ndipo Wakenya wengi wanapoweza kupoteza akiba ya miaka. Meli inayoondoka Barcelona, ikapitia Uturuki au Tunisia kisha ikarejea Ulaya, humtoa abiria katika eneo la Schengen na kumwingiza tena. Visa ya kuingia mara moja haimtoshi, naye anaweza kuzuiwa ngazini huku nauli imeliwa. Asiyetaka adha hiyo aanze kutafuta karibu na nyumbani. Tangu Januari 2023 mwenye pasipoti ya Kenya anaweza kuingia Afrika Kusini bila visa kwa siku zisizozidi 90 kwa mwaka, na kwa miaka mingi Durban imekuwa kituo cha safari fupi za melini kuelekea Msumbiji wakati wa kiangazi cha kusini. Popote atakapopandia, afike mji huo siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haitamngoja.

Akishapanda, asilikwepe zoezi la dharura, hata kama kinywaji cha kukaribishwa kinamwita. Costa Concordia ilipogonga mwamba kando ya kisiwa cha Giglio usiku wa tarehe 13 Januari 2012, abiria waliokuwa wamepandia Civitavecchia saa chache kabla hawakuwa wamefanyiwa zoezi hilo. Watu 32 walifariki. Ni baada ya msiba huo ndipo sheria za kimataifa zilipobadilishwa ili zoezi lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Isitoshe, Bahari Hindi ina kisa chake. Mnamo Agosti 1991 meli Oceanos ilizama katika pwani ya Transkei. Nahodha alitoka chomboni ilhali abiria wengi wangali ndani, na wanamuziki wa meli ndio waliosaidia kuendesha uokozi, wakaita msaada kwa redio. Watu wote 571 waliokoka. Ningependa siku moja mwanatamthilia wetu akitie mkononi kisa hicho.

Kuhusu maradhi nitasema machache, kwa kuwa Diamond Princess imekwisha kutufundisha. Mnamo Februari 2020 ilizuiliwa Yokohama ikiwa na watu 3,711, na zaidi ya 700 kati yao wakapatikana na virusi vya korona. Nunua bima inayogharimia matibabu baharini, maana zahanati ya meli hutoza kila huduma, na uoshe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kila mlo.

Sasa tushuke Mombasa. Ziara inayouzwa sana ndani ya meli ni ya mbuga ya Tsavo Mashariki. Sina ugomvi na ndovu wa Tsavo, wala na vumbi jekundu linalowapamba. Lakini Voi iko zaidi ya kilomita 150 kutoka gatini, na hata anayeingilia lango la Bachuma, lililo karibu zaidi, hana budi kwanza kuvuka daraja la Makupa na kufuatana na malori ya shehena katika barabara ya Nairobi, kisha aifanye safari hiyo tena jioni. Meli ikilala bandarini usiku mmoja, aende kwa moyo mkunjufu. Ikiwa ni mchana mmoja tu, nusu ya mchana huo ataimaliza akiitazama migongo ya malori. Ashauriwe akae mjini.

Kuna sababu nyingine ya kukaa mjini, nayo wasafiri wazoefu wanaijua. Anayechelewa akiwa katika ziara iliyouzwa na meli yenyewe kwa kawaida hungojewa. Anayechelewa akiwa peke yake hujitafutia njia ya kuifuata meli katika bandari inayofuata, kwa gharama yake. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wengi wanunue ziara za melini kwa bei ya juu. Lakini Kilindini na Mji wa Kale vimo katika kisiwa kimoja. Hakuna feri ya Likoni ya kungojea wala daraja la kuvuka. Kwa tuktuk ni mwendo wa dakika chache, na mwenye miguu mizuri anaweza hata kurudi kwa miguu. Hoja hii rahisi ingetosha kuwaleta wageni wengi Mji wa Kale, laiti wangeelezwa kabla ya kushuka.

Je, wakifika huambiwa nini? Hapa ndipo shabaha ya makala haya ilipo.

Katika misimu kadhaa nimeandamana na mjomba wangu, ambaye ni kiongozi wa watalii mwenye leseni na mzaliwa wa Kibokoni. Siku moja makundi mawili yalikutana kivulini, karibu na ukuta wa Ngome ya Yesu. Bibi mmoja wa kundi jingine, mwalimu mstaafu, alimuuliza kiongozi wao maana ya neno Kilindini, kwa kuwa alikuwa amelisoma kwenye ratiba ya meli. Kijana yule, aliyekuja na basi, akamjibu kuwa ni jina tu. Mjomba alingoja kwa adabu mpaka mwenzake akageuka, ndipo akamwambia yule bibi, "Mama, kilindi ni mahali penye maji ya kina kirefu. Kilindini ni penye kina. Ndiyo sababu meli yako imeweza kuja." Kisha akamweleza kwamba Wakilindini ni watu pia, kwamba wao na Wachangamwe na Watangana ndio Thalatha Taifa wa mji huu. Bibi akaomba aandikiwe. Wenzake wakasogea, na maswali yakaanza.

Maswali hayo hayajibiwi na anayeijua njia ya Tsavo. Kibao cha Ndia Kuu kinapita juu ya vichwa vya mamia ya wageni kila msimu, na sijamsikia kiongozi wa basi akiwaambia kwamba "ndia" ni "njia" katika Kimvita, na kwamba hapo walipo wanasoma lahaja ukutani. Huambiwa kwamba Wareno walianza kujenga ngome mwaka wa 1593, jambo ambalo ni kweli, na kwamba ilizingirwa tangu 1696 hadi 1698 ikaanguka mikononi mwa Waomani, jambo ambalo pia ni kweli. Huonyeshwa mizinga. Kisha husafirishwa hadi kwenye duka la vinyago. Kwa masimulizi hayo Mombasa ni mji uliojengwa na mgeni, ukanyang'anywa na mgeni wa pili, ukachukuliwa na wa tatu, huku wenyeji wakiwa wamesimama kando wakitazama. Msikiti wa Mandhry haumo. Muyaka bin Haji hayumo, ilhali alizitembea njia hizo hizo mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa na kuzijaza siasa za mji wake katika mashairi, na Mwalimu Sikujua akayahifadhi yakatufikia. Sisi huketi vyumbani tukayachambua mashairi hayo ubeti kwa ubeti. Mgeni aliyelipa maelfu ya dola kufika mahali yalipotungiwa hajui kwamba yapo.

Na Kiswahili anachoondoka nacho ni "jambo" na "hakuna matata". Siwadharau Them Mushrooms waliousambaza wimbo huo duniani kutoka Mombasa. Walikuwa wakiwatumbuiza wageni hotelini na waliifanya kazi yao vizuri. Nalolalamikia ni kwamba zaidi ya miaka arubaini baadaye hatujaongeza kitu. Mgeni anaweza kufundishwa "hujambo" na "sijambo" kwa muda wa kuvuka barabara moja, na wengi hufurahi kugundua kwamba katika salamu hii jibu limo ndani ya swali.

Tunapenda kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tuulize ni mwenyeji yupi apataye kupona. Ziara ya melini hulipwa melini, sehemu ya fedha ikabaki huko, na inayofika huku huishia kwa mwenye mabasi. Ziara ya miguu hugawa riziki kwa namna nyingine, maana mgeni atanunua kahawa tungu na kashata, ataonja mahamri kwa mbaazi, atamlipa mwenye tuktuk, na pengine atasimama kwa mchonga milango. Kwa kiongozi atatoa ada. Simhesabii mtu utajiri hapa. Riziki ya meli haina uhakika. Tarehe 5 Novemba 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit katika pwani ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa. Ikageuza njia ikaenda Ushelisheli, na kwa miaka iliyofuata kampuni nyingi ziliikwepa bahari yetu. Tangu Novemba 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli kadhaa zibadilishe ratiba upya. Anayeitegemea meli peke yake atalala njaa. Lakini mwanafunzi au mhitimu mwenye shughuli nyingine anaweza kuongezea humo siku kumi au ishirini za kazi ya heshima kwa mwaka.

Najua wapo watakaosema kwamba hatukusomea shahada ili tuwatembeze wazungu. Kauli hiyo hunishangaza. Tunalalamika kwamba mhitimu wa Kiswahili ana njia tatu tu, kufundisha, kutafsiri na kusoma habari, na ya nne ikijitokeza tunaiona haina hadhi. Kumfasiria mgeni mji kupitia lugha yake ni kazi ya kitaaluma, na ina masharti yake. Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii hutoa leseni kwa viongozi, na chama cha viongozi wa safari hutahini kwa ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Mtu asijitokeze gatini bila leseni akidhani shahada itamkinga.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la wenyeji wenyewe wa Mji wa Kale, nami naliheshimu. Mitaa ile ni makao ya watu. Kuna waliofiwa, kuna wanaokwenda kuswali, kuna wasiotaka kupigwa picha wakiwa barazani kwao. Venisi ilivumilia meli kubwa kwa miaka mingi hadi serikali ya Italia ilipozizuia kupita katika mfereji wa Giudecca mnamo Agosti 2021. Kwa maoni yangu, Mombasa inaweza kuwabeba wageni elfu mbili kwa mchana mmoja ikiwa watagawanywa katika makundi ya watu kumi na wawili au pungufu, wafunike mabega na magoti, na waombe ruhusa kabla ya kuinua kamera. Lamu haiwezi. Mji ambao njia zake zinapishanisha punda wawili kwa shida usiombewe meli ya maelfu, hata wenye mahoteli wakishawishi vipi. Vyombo vidogo vya abiria mia moja hivi vitautosha.

Napendekeza basi kwamba chama chetu kiandae ziara ya saa tatu ya Mji wa Kale, iandikwe kwanza kwa Kiswahili ndipo ifasiriwe kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, wala isitokee kinyume. Ianzie Kilindini kwa jina la Kilindini. Ipitie Ngome, Ndia Kuu, Mandhry, Kibokoni na Kuze, na katika kila kituo iwe na jina lenye maana yake, mtu mmoja wa mji huu na kitu kimoja cha kuonja. Wenzetu wa isimu watafute asili za majina, wa fasihi washughulikie washairi, na wanaosoma lugha za kigeni wafasiri. Wazee wa mtaani waisome kabla haijachapishwa, na wakikataa kituo kiondolewe. Meli za msimu ujao hazijafika, na likizo ya Agosti inatosha kuyakusanya majina. Mjomba amekubali kutupokea Jumamosi yoyote baada ya alasiri. Ameomba tu tusije zaidi ya kumi kwa mara moja, kwa kuwa baraza yake ni fupi.